Vua shati nikuangalie: historia ndogo ya macho yaliyochunguza ngozi kwetu Tshopo

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa mpunga na mihogo, kwa hiyo mtashangaa leo kuniona naandika juu ya ngozi za watu. Mtanivumilia. Jambo hili limenikaa moyoni tangu siku mdogo wangu alipokatwa kipande cha sikio.

Nikisema mdogo wangu, ni mtoto wa mama mdogo. Tulikulia nyumba moja pale Banalia, kando ya mto Aruwimi, si mbali na kivuko kinachovusha malori ya Buta. Yeye alizaliwa na ualbino. Mtaani walimwita ndundu, naye aliitika tu, ya kufanya nini? Alipokua alifanya kazi tunayofanya sisi wote: shamba. Jua la kwetu mnalijua. Tuko karibu kabisa na ikweta, na ukishakata msitu kwa ajili ya mpunga, hakuna tena kivuli. Alivaa kofia ya kepi, ile ya kufunika paji la uso. Masikio na shingo vilibaki nje.

Kidonda kilianza juu ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mchele. Kinakauka, kinafanya ganda, ganda linaanguka, damu kidogo, kinarudi. Kwenye kituo kimoja cha afya walimpa sindano za penisilini na ile dawa ya rangi ya violeti. Akarudi, wakampa tena. Hivyo karibu miaka miwili. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Shida ni kwamba hakuna aliyefundishwa kuuliza swali moja: kwa nini kidonda hiki hakiponi?

Siku moja akafika munganga wa pikipiki, mzee mmoja wa kazi ya ukoma, anayezunguka vijiji kutafuta mabaka. Aliwapanga watu chini ya mwembe, akawaambia wavue mashati. Kwa kila baka alipitisha kipande cha pamba na kuuliza, "Unasikia?" Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni, hakuitwa hata. Mzee alipomaliza alimtazama, akamkaribia, akamshika kidevu na kumgeuza uso kwenye mwanga.

"Hii kidonda iko na muda gani?"

"Iko karibu miaka mbili, papa."

"Hii haiko ukoma. Lakini haiko kitu cha kuchezea. Wiki hii hii uende Kisangani, usingoje mavuno."

Hatukungoja. Tuliuza magunia mawili ya mpunga ambao ulikuwa bado haujakauka vizuri, kwa bei ya hasara, tukapanda pikipiki, kilomita karibu 130 mpaka mjini. Walikata kipande cha sikio, wakakipeleka kupimwa. Ilikuwa kansa ya ngozi, na ilikuwa haijashuka kwenye tezi za shingo. Leo hii yuko, anaoa mwaka ujao Mungu akipenda.

Tukiwa njiani kurudi, swali moja lilinisumbua: yule mzee alijifunza wapi kuangalia namna ile? Nikaanza kusoma. Nilichokuta ni historia ya nyumbani kwetu, na sikuwahi kufundishwa hata saa moja shuleni.

Wale mliosoma agronomia kama mimi mmeshasafiri na boti kutoka Kisangani kwenda Yangambi. Ukishaacha mji nyuma, upande wa kulia kuna Yakusu. Mimi nilipita pale kila nilipoenda kufanya mazoezi, nikidhani ni misheni tu ya zamani. Wabatisti wa Uingereza walijenga pale katika miaka ya 1890. Mwaka 1920 akafika daktari mmoja, Clement Chesterman, akakuta malale inamaliza watu kandokando ya mto.

Malale ilitafutwa kwa mikono na macho. Munganga alipapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, akazitoboa kwa sindano na kuangalia majimaji yake kwenye darubini. Dawa mpya ilikuwa imetokea Marekani, ikiitwa tryparsamide. Daktari Louise Pearce wa Taasisi ya Rockefeller alikuja mwenyewe kuijaribu Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1920. Chesterman aliona haraka kwamba daktari mmoja hawezi kuzunguka vijiji vyote. Alifundisha vijana Wakongomani kazi ya uuguzi, akawaweka kwenye zahanati ndogo kandokando ya mito, karibu na wagonjwa. Hao ndio waliobeba kazi yenyewe: kupapasa, kupima, kuchoma sindano wiki kwa wiki.

Hapa lazima tuseme na upande mwingine, maana historia yetu si tamu yote. Katika Kongo ya Wabelgiji kukaguliwa mwili ilikuwa amri. Kulikuwa na pasipoti ya afya: bila hiyo huwezi kusafiri. Waliokutwa na malale walipelekwa kwenye lazareti, kama ile ya Ibembo kule Uele, na wengine hawakurudi. Tryparsamide yenyewe ilipofusha baadhi ya waliochomwa. Watu wakajifunza kukimbilia msituni wakisikia kwamba msafara wa wakaguzi unakuja. Tusiwaite wajinga. Kama kuonekana maana yake ni kuchukuliwa na kutengwa na watoto wako, hata wewe na lisansi yako ungekimbia.

Chesterman aliondoka mwaka 1936, na mwaka huohuo akafika Stanley Browne. Watu wa mto walimwita Bonganga, yaani mganga. Alipozunguka vijijini akakuta ukoma uko wengi kuliko ulivyodhaniwa. Ukoma, au maba kama tunavyosema kwa Lingala, unaanza kwenye ngozi: baka lenye rangi hafifu kuliko mwili, haliwashi, haliumi, na ukiligusa mwenyewe hasikii. Kwa sababu haliumi, mtu analiacha. Miaka inapita, neva zinakufa, mtu anaungua vidole jikoni bila kujua, vidole vinakatika. Kumbe vidole havikuliwa na ukoma wenyewe. Viliharibika kwa majeraha ambayo mwenyewe hakuyasikia, kwa sababu hakuna aliyeliona baka mapema.

Dawa ya siku hizo ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, ya mbegu za mti wa Asia, yanayochomwa chini ya ngozi kwa maumivu makali na faida ndogo. Kwa nini mtu aje kuonyesha baka lake, kama zawadi yake ni aibu na sindano isiyoponya? Mambo yalianza kugeuka mwaka 1941, hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, walipojaribu dawa za jamii ya sulfoni. Baada ya vita dawa hizo zilifika kwetu, na Browne alizitumia Yakusu na kwenye kijiji cha wagonjwa cha Yalisombo. Dapsone ilikuwa kidonge cha bei nafuu, mtu anakimeza na kubaki kwake. Nurse wa zahanati aliweza kukigawa.

Naomba tusimame kidogo hapo. Kilichowatoa watu msituni ni nini? Mimi nasoma hivi: walitoka pale vitu vitatu vilipokutana. Kwanza, mtu wa karibu anayejua kuangalia. Pili, dawa inayofanya kazi na inayofika kijijini. Tatu, kuonekana kulikoma kuwa adhabu. Ukiondoa kimoja, viwili vinavyobaki havisaidii kitu.

Browne aliondoka Kongo mwaka 1959, akaenda Uzuakoli, Nigeria. Huko alikuwa kati ya wa kwanza kuwajaribia wagonjwa wa ukoma dawa iliyoitwa B663, ambayo leo inaitwa clofazimine. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa tatu zitumike pamoja, dapsone, rifampicin na clofazimine, na tangu 1995 zinatolewa bure. Mwisho wa 2007 nchi yetu ilitangaza kufikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, kwa hesabu ya nchi nzima. Mifuko ya ugonjwa imebaki, na Tshopo imo, ndiyo maana yule mzee wa pikipiki bado ana kazi.

Lakini mnaona hatari iliyojificha ndani ya ushindi huo? Ugonjwa ukipungua, macho nayo yanastaafu. Mzee akienda pensheni, kijana anayemfuata amefundishwa malaria na uzazi, mambo ya lazima kabisa, na ngozi inabaki kitu cha kupaka violeti.

Sasa turudi kwenye sikio la mdogo wangu.

Sisi wa kilimo tunaujua ualbino kabla ya madaktari. Ukipanda mahindi kwenye kitalu, mara nyingine unakuta miche kadhaa meupe kabisa, haina kijani. Inasimama siku chache kwa chakula kilichobaki ndani ya mbegu, halafu inakufa. Mwalimu anakuambia uhesabu: mmoja mweupe kwa watatu wa kijani, ile hesabu ya Mendel ya mwaka 1866. Wazazi wote wawili walikuwa kijani, lakini kila mmoja alibeba kasoro iliyofichika. Kwa watu ni vilevile. Baba mweusi na mama mweusi, kila mmoja akibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Mwaka 1994 wanasayansi walionyesha kwamba Waafrika wengi wenye ualbino wanashiriki kipande kilekile kilichokatika kwenye jeni moja, kasoro ya zamani sana iliyosafiri na mababu zetu. Kwa hiyo yale maneno ya "mama alilala na mzungu", au ya laana ya ukoo, tuyaache. Tofauti ya mche na mtu ni hii: mche mweupe hauna namna ya kuishi. Mtu anaishi vizuri sana, anasoma, anaoa, anazeeka, ila ngozi yake haina kinga dhidi ya jua.

Na jua halisahau. Mwaka 1975 daktari Okoro alichapisha utafiti wake wa Nigeria: kati ya watu wenye ualbino waliovuka miaka 20, hakumkuta hata mmoja ambaye ngozi yake haikuwa na kansa au dalili zinazotangulia kansa. Mwaka 1985 Luande na wenzake wakaandika juu ya Dar es Salaam, wakaonyesha kwamba uharibifu wa jua unaonekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Nilisoma mistari hiyo usiku, nikamkumbuka shangazi yetu mmoja, naye alikuwa na ualbino. Alikufa nikiwa mtoto. Siku zake za mwisho alifunika shavu lake kwa kitenge, na watu wazima walisema amelogwa. Tulikatazwa kumkaribia. Sasa najua alikuwa na nini, na ninajua kwamba kabla ya kile kitenge kilikuwepo kidonda kidogo kama punje ya mchele.

Kuna pahali walikusanya vile vitu vitatu nilivyosema. Moshi, Tanzania, ndani ya hospitali ya KCMC, kilifunguliwa mwaka 1992 kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Wanaofundishwa pale wengi si madaktari bingwa. Ni matabibu wa kawaida wanaorudi wilayani kwao. Kinatoa kliniki zinazokwenda kwa watu wenye ualbino, kuwaangalia kichwa mpaka miguu, na kinatengeneza palepale mafuta ya kujikinga na jua, yanayoitwa Kilisun. Doa linalotaka kugeuka linachomwa kwa naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Wenzangu wa mifugo, hii ni naitrojeni ileile tunayohifadhia mbegu za ng'ombe! Sekunde chache, doa linakufa, mtu anarudi nyumbani siku ileile. Likiachwa mpaka liingie mfupani, linahitaji mionzi, na mionzi kwa mtu wa Banalia maana yake ni kupanda ndege. Nani kwetu ana pesa hiyo?

Kinshasa naye mcheza mieleka Mwimba Texas, mwenyewe ana ualbino, alianzisha shirika la kuwatetea wenzake na kuwatafutia matibabu. Lakini Kinshasa iko mbali na Aruwimi.

Na wewe mweusi kama mimi, usipumue kwanza. Kansa ya ngozi haituruki, inatafuta tu pahali pengine. Bob Marley alikuwa na kansa chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, na mwaka 1981 ilimuua akiwa na miaka 36. Kwa ngozi nyeusi aina hiyo hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, pahali ambapo sisi wa shamba tunasema ni mwiba. Nyingine inaota juu ya kovu la moto au kidonda cha mguu kilichokaa miaka. Tena sarkoma ya Kaposi, yenye vinundu vya rangi ya zambarau miguuni, madaktari waliiandika mashariki mwa Kongo tangu miaka ya 1950, kabla ya UKIMWI kujulikana.

Basi tufanye nini? Mimi si munganga na sitaki kujifanya. Nasema tu ninachoona kama mtu aliyesoma historia hii na kumpoteza mtu mmoja na kumbakiza mmoja.

Kwanza, kila kituo cha afya kinaweza kuwa na siku moja ya ngozi kwa mwezi. Hakihitaji mashine. Kinahitaji mwanga wa mchana, pazia la heshima, na nurse mmoja aliyefundishwa. Anayetafuta baka la ukoma aangalie palepale na vidonda visivyopona. Shirika la Afya Duniani lenyewe tangu 2022 linasema magonjwa ya ngozi yaliyosahaulika yashughulikiwe pamoja. Tuna tarehe mbili tayari za kuanzia: siku ya ukoma, Jumapili ya mwisho ya Januari, na siku ya ualbino, tarehe 13 Juni.

Pili, sisi wenyewe tujifunze dalili, tuzifundishe nyumbani. Kidonda kisichopona zaidi ya mwezi. Ganda linaloanguka na kurudi. Kinundu kinachokua au kutoa damu kwa kuguswa kidogo. Doa jeusi kwenye nyayo au ukucha linalobadilika. Kwa mwenye ualbino: uso, midomo, masikio, shingo, mikono. Ukiona, usingoje mavuno.

Tatu, hili ni letu sisi wa kilimo. Tunapopanga kazi ya shamba la ukoo, tuwape wenye ualbino kazi ya kivulini: kakao chini ya migomba, kitalu chenye paa la majani, kupima na kuuza mazao. Kazi ya wazi wafanye alfajiri, warudi tena jua likishalegea. Na kofia iwe pana pande zote, ya kufunika masikio. Kule kwetu wazee wanajua kusuka, tuwaombe. Kepi si kofia ya shamba.

Nne, na ndilo gumu: tusirudie kosa la ule msafara wa wakaguzi. Usimvue mtu shati mbele ya soko. Usimwite ndundu halafu ushangae hajitokezi. Historia ya Yakusu imenionyesha kwamba watu hawaogopi kuangaliwa. Wanaogopa kinachofuata baada ya kuangaliwa.

Mwezi uliopita nilirudi Banalia. Mdogo wangu amepata kofia ya kusukwa, kubwa kama paa, watoto wanamcheka naye anacheka nao. Jioni alikuja kukaa karibu na moto, akanigeuzia shingo.

"Yaya, niangalie hapa nyuma, mimi siwezi kuona."

Nikawasha taa ya simu. Nikaangalia nyuma ya sikio, chini ya nywele, pembeni mwa shingo. Nilipita polepole, kama yule mzee alivyofanya chini ya mwembe. Kulikuwa na doa moja kavu, la kukwaruza kidogo. Tukakubaliana: Jumatatu tunaenda.